Mbwa Mzee Alalaye Nje Majira ya Baridi

Barua nyingi zilizotufikia hivi karibuni zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mbwa amezoea kuishi nje miaka yote, sasa amezeeka, na baridi imeingia. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi, nami nimezifupisha bila kuzibadili maana.

SWALI: Daktari, pokea salamu zetu. Tunaye mbwa dume wa miaka 12, mkubwa wa umbo na mwenye manyoya mazito, ambaye tangu udogoni amelala nje katika kibanda chake na hajapata kuugua kwa sababu ya baridi. Mwaka huu nimeona kwamba asubuhi huchukua muda kuinuka, miguu ya nyuma humtetemeka, na usiku mmoja wa barafu nilimkuta amejikunja huku mwili mzima ukitetemeka. Nikimwingiza ndani hukwaruza mlango mpaka afunguliwe. Mume wangu anasema mbwa wa nje ni wa nje, na manyoya yake yanamtosha. Je, ni kweli?

JIBU: Ilikuwa kweli, dada yangu, na sasa si kweli tena. Manyoya hayatengenezi joto. Kazi yake ni kulizuia lisipotee lile joto ambalo mwili umekwisha kulitengeneza, na mwili wa mbwa hulitengeneza hasa kwa misuli yake na kwa chakula anachokimeng'enya. Mbwa anapozeeka misuli hunywea, na dalili zake huonekana mapema mapajani na mgongoni. Mishipa midogo ya damu iliyo ngozini, ambayo inapaswa kujibana upesi baridi inapopiga ili damu yenye joto ibaki katikati ya mwili, huanza kuitikia polepole. Na maradhi ya uzeeni, kama ya figo, ya moyo, kisukari au upungufu wa homoni za tezi ya thairoidi, huzidi kuudhoofisha uwezo huo. Mbwa wenu anaweza kuwa na manyoya yale yale aliyokuwa nayo akiwa na miaka 5, lakini mwili unaofunikwa na manyoya hayo umebadilika. Ndiyo maana miaka yote aliyolala nje bila kuugua haiwezi kuwa kipimo cha majira haya. Ningeomba umweleze mumeo jambo hili kwa upole, kwa kuwa anayoyasema yametokana na mazoea ya muda mrefu ambayo, kwa wakati wake, hayakuwa na ubaya wowote.

Hakuna kiwango kimoja cha nyuzijoto kinachofaa kwa mbwa wote, ila ipo mipaka ya kukadiria ambayo hutumiwa sana. Chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, mbwa wazee, wembamba, wadogo wa umbo na wenye manyoya mafupi huanza kusumbuka. Chini ya nyuzi 0 hawafai kuachwa nje muda mrefu bila kuangaliwa, na ikifika nyuzi 7 chini ya sifuri, hata mbwa walio imara zaidi wanahitaji uangalizi wa karibu. Mipaka hiyo husogea kwa sababu ya upepo na unyevu, na hapa ndipo wenye mbwa wengi wanapokosea hesabu, kwa kuwa wanaangalia kipimajoto peke yake. Mbwa aliyelowa mvua iliyochanganyika na theluji, amesimama kwenye upepo, anaweza kuumia zaidi kuliko mbwa mkavu aliyelala mahali palipositirika katika baridi kali kuliko hiyo. Aina kama Siberian Husky na Alaskan Malamute, zenye tabaka mbili za manyoya, huvumilia baridi ambayo ingemuumiza Greyhound au Doberman mapema sana. Hata hivyo Husky naye huzeeka, na uzee huo humnyima sehemu ya kinga aliyozaliwa nayo. Kanuni za ustawi wa wanyama za Marekani, zinazowahusu wafanyabiashara wa mbwa na vituo vya utafiti, huwataja pamoja mbwa wagonjwa, dhaifu, wazee na wachanga, na kuagiza kwamba wasiwekwe katika mabanda ya nje isipokuwa kwa idhini ya daktari wa mifugo anayewahudumia. Kanuni hizo haziwahusu wafugaji wa nyumbani, lakini zinaonyesha kwamba umri peke yake umehesabiwa kuwa sababu ya kutosha.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba alale ndani, angalau katika usiku wa baridi kali, na kwamba mlango anaoukwaruza usichukuliwe kuwa jibu lake la mwisho. Mbwa mwenye manyoya mazito akiingizwa ghafla katika sebule yenye joto hupata dhiki ya kweli, kwa sababu mwili wake umejiandaa kwa baridi. Atahema na kutaka kutoka. Sababu nyingine ni sakafu. Mbwa mwenye maumivu ya viungo huogopa vigae vinavyoteleza, kwani akiteleza mara moja na kuumia hukumbuka, na kwa mtazamaji ataonekana kama mkaidi tu. Chagueni basi mahali pa kadiri ndani ya nyumba, kama vile ukumbi wa kuingilia, stoo kavu au baraza iliyozibwa pande zote, ambapo hakuna upepo na joto halizidi sana lile alilolizoea. Tandikeni mazulia yasiyoteleza kuanzia mlangoni mpaka anapolala. Mleteeni tandiko lake mwenyewe lenye harufu yake, mumpe chakula cha jioni kwanza kizingitini, kisha hatua chache ndani, mlango ukiwa wazi, na mtu mmoja anayempenda akae naye kimya mpaka atulie. Msimvute kwa ukanda wa shingo. Wengine huzoea katika jioni chache, wengine huhitaji majuma, na ndiyo sababu ni afadhali kazi hii ianze kabla baridi haijafikia kilele chake. Godoro lake liwe nene kiasi cha kutomruhusu aguse sakafu kwa viwiko na nyonga, na liwe mbali na mlango unaopitisha upepo, lakini pia lisiwe limeegemezwa kwenye kipasha joto.

Kuhusu miguu inayotetemeka na uzito wa kuinuka asubuhi, tafadhali mpeleke kwa daktari wa mifugo badala ya kuliita jambo hilo uzee na kuliacha hapo. Inaelekea sana kuwa ni baridi yabisi ya viungo, ambayo baridi ya nje huufanya ugumu wake uonekane zaidi, na ipo tiba ya kupunguza maumivu yake. Daktari atapima pia damu na mkojo, kwa sababu dawa nyingi za maumivu haziwezi kutolewa kwa usalama bila kujua hali ya figo na ini. Jambo moja nasema kwa msisitizo: usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli huweza kuharibu ini na chembe nyekundu za damu, hata kwa kipimo ambacho kwetu tunakiona kidogo. Matembezi yasikatishwe kabisa, kwani kiungo kisichotumika hukaza zaidi. Yawe mafupi, mara kadhaa kwa siku, hasa adhuhuri jua likiwepo.

SWALI: Nilisoma kwamba mbwa mzee alale ndani, lakini mtoto wangu ana pumu na manyoya ya mbwa humletea shida kubwa. Hakuna namna mbwa wetu, jike wa miaka 10, anavyoweza kuingia. Kibanda kiweje ili awe salama?

JIBU: Pole kwa hali hiyo, na afya ya mtoto haina mjadala. Kibanda kizuri kinaweza kumlinda mbwa mzee katika siku nyingi za baridi, mradi kijengwe kwa kufikiria mwili wake wa sasa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kibanda kikubwa kupita kiasi, kilichojengwa kwa upendo. Kibandani chanzo cha joto ni mwili wa mbwa mwenyewe, na nafasi iliyozidi ni nafasi anayotakiwa kuipasha bure. Ukubwa unaofaa ni ule unaomwezesha kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala akiwa amejinyoosha, basi. Kuta, sakafu na paa ziwe za tabaka mbili za mbao zenye kihami joto katikati, yaani kitu cha kuzuia joto lisipotee, kilichofungiwa vizuri asije akakitafuna. Bati tupu halifai, maana hupitisha joto nje upesi na kutona unyevu ndani. Sakafu iinuliwe kutoka ardhini kama sentimita 10, ili maji yasiingie na ardhi iliyoganda isimnyonye joto. Hapa lakini uzee wake unaleta sharti jipya: mlango ulioinuliwa humlazimu kupanda, na mbwa mwenye viungo vinavyouma anaweza kuamua kulala nje ya kibanda kwa sababu tu kupanda kunamuuma. Mjengee mteremko mfupi wenye uso wa kukwaruza, na upana wa mlango umwezeshe kupita bila kujibana.

Mlango uelekee upande usiopigwa na upepo, uwe pembeni badala ya katikati ya ukuta, ili apate kona ya kujificha, na uning'inizwe pazia la mpira mzito au plastiki nene. Wapo mbwa wazee wasioweza kulisukuma pazia zito, kwa hiyo mwangalie akiingia na kutoka kabla ya kuliamini. Chini ya paa acha tundu dogo la hewa, kwani pumzi yake ina unyevu, na unyevu usiopata pa kutokea huishia kwenye tandiko.

Kuhusu tandiko, mablanketi na mataulo ndiyo ambayo watu huyakimbilia, nayo hayafai nje. Hunyonya unyevu kutoka manyoyani na miguuni, hukaa yamelowa, kisha huganda. Mabua makavu ya ngano, shayiri au oti ni bora zaidi, kwa sababu yana uwazi ndani unaohifadhi hewa, hayashiki maji kwa urahisi, na mbwa anaweza kuchimba na kujifunika nayo. Yajazwe kina cha sentimita 20 hivi au zaidi. Nyasi za malisho ni kitu kingine. Hizo hushika unyevu na kuota ukungu. Maranda ya mierezi nayo huweza kumwasha ngozi na pua. Kila siku ingiza mkono wako mpaka chini kabisa: ukihisi unyevu, au mabua yamelaliwa yakawa bapa, badilisha yote.

Ninaulizwa sana kuhusu umeme. Taa za kupasha joto ndani ya kibanda chenye mabua zimechoma vibanda na mbwa wakiwamo, nami sizishauri kamwe. Jiko la mkaa ni hatari vilevile, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, ambayo huua kiumbe kilicholala bila kukiamsha. Kama ni lazima uongeze joto, tafuta mkeka wa umeme uliotengenezwa mahususi kwa wanyama wa nje, wenye kujizima joto linapofikia kiwango chake na waya uliovikwa chuma, nao ufunike nusu tu ya sakafu, ili mbwa asiyeweza kujigeuza upesi apate pa kukimbilia asije akaungua polepole. Asifungwe mnyororo, kwani ukijiviringa unaweza kumzuia asikifikie kibanda chake.

Hata kwa kibanda kilichotimiza yote haya, upo usiku ambao mbwa wa miaka 10 hapaswi kukaa nje. Zungumza mapema na ndugu au jirani asiye na matatizo ya kifua, mbwa awe na mahali pa kwenda baridi inapovuka mipaka niliyoitaja.

SWALI: Mbwa wangu mzee analala nje na siku hizi naona anataka kula zaidi. Nimwongezee chakula? Na maji yanaganda kila asubuhi; je, theluji anayoilamba inatosha?

JIBU: Njaa hiyo ina sababu. Kutunza joto la mwili katika baridi hula nguvu nyingi, na tukitaka kuona kilele cha jambo hilo tutazame mbwa wanaokokota sleji, yaani vigari vya kuteleza juu ya theluji, katika mashindano ya Iditarod huko Alaska, ambao huweza kutumia kilokalori 10,000 au zaidi kwa siku. Mbwa mzee anayelala nje hakaribii kiwango hicho, lakini anaweza kuhitaji nyongeza. Anza na kama sehemu moja ya kumi ya chakula chake, kisha acha mwili wake ukuongoze. Manyoya ya majira ya baridi huficha ukondefu, hivyo usiyaamini macho; kila juma pitisha vidole ubavuni. Unatakiwa kuzihisi mbavu chini ya tabaka jembamba la mafuta. Zikichomoza, ongeza, zikitafutwa kwa kubonyeza, punguza, kwa kuwa uzito wa ziada utaviumiza viungo vyake. Mbwa anayekula vizuri na bado anakonda, au anayetaka kula lakini anaacha chakula bakulini, apimwe. Wa kwanza anaweza kuwa na ugonjwa wa ndani, wa pili mara nyingi ana meno yanayomuuma. Mlo wa jioni usogezwe karibu na wakati wa kulala, maana umeng'enyaji huongeza joto kidogo usiku.

Theluji haitoshi. Kiasi kikubwa cha theluji huyeyuka kuwa maji machache, na kila anapoimeza mwili hulazimika kutumia joto lake kuiyeyusha. Mbwa huhitaji takriban mililita 40 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 25 anahitaji lita 1 hadi 1.5, pamoja na yale yaliyomo katika chakula. Wazee wengi hawahisi kiu kama zamani, na upungufu wa maji huzielemea figo zilizochoka. Mpe maji ya uvuguvugu mara tatu au zaidi kwa siku, katika bakuli zito na lenye kina, la mpira au plastiki nene. La chuma katika baridi kali huweza kuunasa ulimi. Bakuli likiwa jeusi na likawekwa juani, maji huchelewa kidogo kuganda. Lakini ukiona anakunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, usifurahi. Mpeleke akapimwe figo na sukari.

SWALI: Je, nimvalishe sweta? Na nimnyoe manyoya yaliyosokotana?

JIBU: Vazi linamfaa mwenye manyoya mafupi au aliyekonda, wakati wa matembezi, likiwa halipitishi maji na linafunika kifua na tumbo bila kumbana kwapani. Likilowa livuliwe mara moja, na asiachwe nalo nje peke yake, kwani vazi lililolowa humwibia joto. Usimnyoe. Manyoya yaliyosokotana hayahifadhi hewa, kwa hiyo yafumue kwa kitana kidogo kidogo kila siku, na yale yasiyofumuka yakatwe na mtu mwenye ujuzi, maana ngozi ya mzee ni nyembamba na huchanika kwa urahisi. Kuoga kuwe kwa nadra, na akioga abaki ndani mpaka akauke hadi mizizi ya manyoya.

SWALI: Barabara ya kwetu humwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu, na mbwa wangu wa miaka 11 hulamba nyayo zake sana. Kuna hatari?

JIBU: Ipo. Chumvi hizo hukausha na kupasua nyayo, na akizilamba huweza kutapika na kuharisha. Kiasi kikubwa huvuruga uwiano wa chumvi mwilini, jambo zito kwa mwenye figo au moyo dhaifu. Anaporudi nyumbani mwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe katikati ya vidole, na uangalie kama kuna barafu iliyoganda hapo. Nywele zinazoota kati ya vidole zipunguzwe zilingane na nyayo, kwa kuwa ndizo zinazokusanya theluji. Kucha pia ziangaliwe, maana mbwa atembeaye kidogo hazisagi, na kucha ndefu humfanya mzee ateleze na kuukunja mguu vibaya.

Nikuombe uangalie jambo jingine lililo karibu na barabara na gereji, ambalo ni baya kuliko chumvi: ile dawa inayotiwa kwenye rejeta ya gari ili maji yasigande. Nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ina utamu, na mbwa huilamba. Kiasi kidogo huua. Saa za mwanzo mbwa huonekana kama mlevi, anayumba na kutapika. Kisha anaweza kuonekana amepona, na wakati huo huo figo zake zinaharibika. Tiba ipo, lakini hufaa ikitolewa ndani ya saa chache, kabla mwili haujaigeuza ethilini glaikoli kuwa sumu kali zaidi. Ukimwona analamba kimiminika chini ya gari, usingoje dalili wala usijaribu tiba ya nyumbani. Nenda kwa daktari saa hiyo hiyo, na uchukue chupa ya dawa hiyo ya rejeta kama unayo. Zipo dawa za rejeta za propilini glaikoli ambazo hatari yake ni ndogo zaidi, ingawa nazo hazifai kulambwa. Na kama mbwa hulala gereji, gari lisiwashwe humo hata kwa dakika moja mlango ukiwa umefungwa.

SWALI: Nitajuaje kwamba baridi imemzidi, na nifanye nini kabla ya kufika kwa daktari?

JIBU: Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, na likishuka chini ya 37 ameanza kuingia hatarini. Kwanza atatetemeka, atajikunja, atainua miguu kwa zamu na kusitasita kutembea. Baadaye hulegea na kuyumba, pumzi na mapigo ya moyo hupungua, ufizi hugeuka kuwa mweupe. Kutetemeka kukikoma ilhali bado ni wa baridi, usidhani kwamba amepata nafuu. Misuli imeishiwa nguvu ya kujitetea. Tena, kwa wazee waliopoteza misuli mingi, kutetemeka kunaweza kuwa hafifu tangu mwanzo, kwa hiyo ni vema kumiliki kipimajoto cha kupimia njia ya haja kubwa na kujifunza kukitumia wakati mbwa ni mzima.

Mwingize ndani, mkaushe kwa taulo bila kumsugua kwa nguvu, na umfunike kwa mablanketi yaliyopashwa moto. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe kifuani na tumboni. Kiwiliwili kipashwe kwanza kabla ya miguu, kwani miguu ikipashwa mapema damu baridi iliyokuwa humo hurudi moyoni ghafla. Usimtumbukize katika maji ya moto, wala usimlenge kwa kikaushia nywele. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Kama hajitambui, usimtie chochote kinywani. Pima joto kila baada ya dakika 10 hadi 15, na ondoa chupa linapokaribia nyuzi 37.5, kwani mwili utaendelea wenyewe. Aliye chini ya 36, au asiyeweza kusimama, aanze safari ya kwenda kwa daktari huku akipashwa joto njiani.

Ncha za masikio, mkia na vidole vikiwa vyeupe au vya kijivu, vigumu na vya baridi, vimeumizwa na kuganda. Usivisugue wala kuvipaka theluji. Viloweke katika maji ya nyuzi 38 hadi 40, joto ambalo kiwiko chako hulivumilia bila shida, kisha vikaushe kwa kubonyeza taratibu, lakini ufanye hivyo tu kama una hakika kwamba havitaganda tena njiani, maana kuganda mara ya pili huua nyama ya mwili zaidi. Ukubwa wa jeraha huweza kujulikana baada ya siku kadhaa, kwa hiyo daktari amwone hata kama rangi imerudi.

SWALI: Mbwa wangu wa miaka 14 hutoka usiku kujisaidia na mara kadhaa nimemkuta amesimama kwenye theluji, hajui arudi wapi. Ni baridi au ni akili?

JIBU: Yaweza kuwa vyote viwili, pamoja na macho na masikio. Theluji hufunika harufu anazozifuata, usiku ni mrefu, na mtoto wa jicho humpunguzia ule mwanga kidogo uliopo. Mbwa wazee hupatwa pia na upungufu wa ubongo unaofanana na ule wa binadamu wazee: husimama kwenye kona, hukesha, husahau mazoea ya nyumbani. Tangu leo asitoke peke yake usiku. Mshike kwa kamba, umsafishie njia fupi iliyonyooka kutoka mlangoni mpaka mahali pake pa kujisaidia, taa iwake, na ukandani mwake pawe na namba yako ya simu. Kama kuna bwawa au mto ulioganda karibu, uzio uwe mzima. Mwambie daktari kuhusu kuduwaa huko na kuhusu mara anazotoka usiku, kwani kukojoa mara nyingi kunaweza kuwa chanzo cha safari zote hizo. Na kama kuduwaa huko kulianza ghafla, aombwe ampime shinikizo la damu, ambalo likipanda kwa mbwa mwenye ugonjwa wa figo huweza kumpofusha ghafla, na likitibiwa mapema uoni wake huweza kurudi.